Kikohozi Kinachokawia: Namna ya Kuipima Hofu ya Nimonia

Kikohozi kikifika siku ya kumi na mbili, mwenye nacho huanza kukisikiliza kwa namna nyingine. Mafua yamekwisha, homa imeondoka au imebaki joto la jioni tu, lakini kifua kingali kizito, na usiku nyumba ikishatulia kila pumzi huonekana kuwa na mlio ambao mchana haukuwapo. Hapo ndipo jirani anapolitaja lile neno. Hapa kwetu Busia, Uganda, huja kwa sura kadhaa: wengine husema nimonia, wengine kichomi, wengine homa ya mapafu, na jamaa wa Kampala husema lubyamira. Kwa sura yoyote ile, likishatajwa, usingizi hauji tena.

Mimi si daktari. Ni mwalimu wa sekondari niliyekohoa kwa wiki tano mfululizo nikiamini kwamba nina nimonia, na sikuwa nayo. Kisha, katika mwaka huohuo, nilimtazama mama yangu mzazi akikohoa kwa siku nne tu, kikohozi chepesi cha mtu anayesafisha koo, naye ndiye aliyekuwa nayo. Tangu hapo nimekuwa nikiwaeleza watu jambo ambalo tabibu wa kituo cha afya alinieleza mimi: urefu wa kikohozi na rangi ya makohozi, ambavyo ndivyo tunavyovitazama, havisemi mengi kuhusu nimonia, ilhali kasi ya pumzi, ambayo hatuitazami kabisa, husema mengi. Maelezo yafuatayo yanahusu namna ya kuitazama pumzi hiyo, wakati wa kwenda kituoni mbio, wakati wa kusubiri, na mambo ya kusema ukishafika.

Mirija na vifuko

Hewa tunayoivuta hupita kwenye mirija inayogawanyika kama matawi ya mwembe, kutoka shina nene hadi vitawi vyembamba, na mwishoni mwa vitawi hivyo kuna vifuko vidogo ambamo oksijeni huingia kwenye damu. Maambukizi mengi ya kifua hukomea kwenye mirija. Huo ndio mkamba, ambao mara nyingi huletwa na virusi vya jamii ileile inayoleta mafua: kuta za mirija huvimba na kutoa ute, na mwili huukohoa ute huo ili uutoe. Virusi vikishashindwa, utando wa ndani hubaki umechubuka, na mpaka ujijenge upya, moshi wa mkaa, vumbi la barabarani na hata kicheko hutosha kuamsha kikohozi. Kwa wastani kikohozi cha mkamba huchukua takribani siku 18, wiki tatu si ajabu, na wapo wanaobaki na kikohozi kikavu hadi wiki nane baada ya mafua makali. Antibayotiki haziui virusi, kwa hiyo mtu anayezimeza kwa ajili ya kikohozi cha aina hiyo hupona karibu siku ileile ambayo angepona bila kuzimeza.

Nimonia ni maambukizi yaliyofika kwenye vifuko vyenyewe. Vifuko hujaa majimaji na usaha, oksijeni hukosa njia ya kuingia kwenye damu, na mwili, ambao akiba yake ya oksijeni haimalizi hata dakika chache, huliziba pengo hilo kwa kuvuta hewa mara nyingi zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kukohoa mchana kutwa bila nimonia, na mwingine akawa na nimonia huku akikohoa kidogo sana.

Kuhusu rangi, nitasema kwa kifupi, kwa kuwa wengi wetu tumepoteza fedha kwa sababu yake. Ukijani wa makohozi hutokana na kimeng'enya kilichomo katika chembe nyeupe za damu zilizokuja kupigana na maambukizi, nazo huja kwa ajili ya virusi kama zinavyokuja kwa ajili ya bakteria. Makohozi yenye rangi ya kutu, au yenye michirizi ya damu, ni habari nyingine, na hiyo ipelekwe kituoni siku hiyohiyo.

Namna ya kuhesabu pumzi

Unahitaji saa yenye mshale wa sekunde au simu yoyote, hata ile ndogo ya tochi. Mgonjwa awe amepumzika kwa dakika kumi hivi, ameketi au amelala, wala asiwe anazungumza. Kifua kikiinuka na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika kisha ukazidisha mara mbili, kwa sababu pumzi za mgonjwa hazina mwendo ulio sawa, na kosa la pumzi mbili litageuka kuwa kosa la pumzi nne.

Mtu mzima akijua kwamba anahesabiwa hubadilisha pumzi zake bila kukusudia. Wauguzi wana hila yao ya zamani: hushika kifundo cha mkono kana kwamba wanapima mapigo ya moyo, macho yao yakiwa yanakwenda kwenye saa na kurudi kifuani. Ikiwa mgonjwa ni wewe mwenyewe, mwombe mtu wa nyumbani akuhesabu wakati umesinzia au unasoma, kwa maana kujihesabu mwenyewe hakuaminiki.

Mama nilimhesabu kwa hila hiyo, jioni, akiwa ameketi kwenye mkeka barazani. Paji la uso wake lilikuwa baridi kuliko langu. Alikuwa amejifunga kanga kifuani, fundo likiwa upande wa kushoto, na lile fundo ndilo nililolitazama likipanda na kushuka mara 32. Nikadhani nimekosea, nikarudia, nikapata 31. Kisha akaniuliza kama ng'ombe wamekwisha kufungwa. Hatujafuga ng'ombe tangu marehemu baba alipokuwa hai.

Mtu mzima mwenye afya, akiwa amepumzika, huvuta pumzi kati ya 12 na 20 kwa dakika. Ukipata zaidi ya 20, ngoja nusu saa, hesabu tena, na ikiwa hesabu inabaki juu huku mgonjwa ana homa au anakohoa, mpeleke akapimwe siku hiyo. Ukipata 30 au zaidi, usingoje nusu saa yoyote. Matabibu wanapoamua kama nimonia ya mtu mzima itibiwe nyumbani au hospitalini, hutazama mambo manne: mgonjwa kuchanganyikiwa, pumzi 30 au zaidi kwa dakika, shinikizo la damu lililoshuka, yaani namba ya juu kuwa chini ya 90 au ya chini kuwa 60 au pungufu, na umri wa miaka 65 na kuendelea. Mama ana miaka 71. Alikuwa na matatu kati ya hayo manne kabla hata hajapimwa presha, na hakuna hata moja kati yake ambalo ni kikohozi au homa. Wazee wengi hupata nimonia kwa njia hiyo ya kimyakimya: hawachemki, hukataa chakula, huanguka wanapokwenda msalani, au huanza kusema mambo ya miaka iliyopita, na watu wa nyumbani husema ni uzee tu.

Kwa watoto namba ni tofauti, kwa kuwa mtoto mdogo huvuta pumzi haraka hata akiwa mzima. Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka hii: mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi miwili hadi kumi na mmoja, 50 au zaidi, wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano, 40 au zaidi. Mtoto anayelia au anayenyonya asihesabiwe. Mwache atulie mapajani mwa mama yake, inua shati, utazame tumbo, kwa maana kwa watoto tumbo huonekana vizuri kuliko kifua. Utakapokuwa umeinua shati, tazama pia sehemu ya chini ya mbavu: ikiwa inabonyea kwa ndani kila anapovuta hewa, hiyo ni dalili ya hatari hata kama hukuwahi kumaliza kuhesabu. Katika vijiji vingi vya Uganda wahudumu wa afya wa kijiji, ambao kila mtu huwaita VHT, wamefundishwa hesabu hii, na pale dawa zinapokuwapo huweza kumpa mtoto wa chini ya miaka mitano vidonge vya amoksilini vya kuyeyusha kwenye maji. Ukiwa hujui nyumba ya VHT wa kijiji chako, ulizia leo, kabla hujamhitaji.

Malaria huivuruga hesabu hii. Homa yenyewe huongeza kasi ya pumzi, na mtoto mwenye malaria kali anaweza kuhema kama mwenye nimonia; tena anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja. Kipimo cha malaria kikionyesha ugonjwa, hilo halimalizi swali la kifua, na mzazi ana haki ya kusema, "Daktari, naomba umhesabie na pumzi."

Andika kila jioni

Kumbukumbu ya mgonjwa haitegemewi. Ukiulizwa siku ya kumi na nne ulikuwaje siku ya nane, utajibu kwa kuzingatia jinsi unavyojisikia sasa. Kwa hiyo chukua daftari, andika tarehe, na kila jioni saa ileile andika joto la mwili kama una kipimajoto, idadi ya pumzi, na jambo moja la kawaida ambalo uliweza au hukuweza kulifanya. Mimi niliandika kama niliweza kusoma aya nzima darasani bila kusimama katikati. Jambo hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo lililomvutia tabibu kuliko mengine.

Unachokitafuta katika daftari hilo ni mwelekeo. Mkamba hupanda kwa siku chache, kisha hushuka polepole mno, kiasi kwamba jana na leo hufanana, lakini leo na wiki iliyopita havifanani. Hali ya kutilia shaka ni ile ya mtu aliyekuwa akipata nafuu kwa siku tatu au nne, kisha homa ikarudi kwa kishindo, akitetemeka kwa baridi, na maumivu ya kuchoma yakajitokeza upande mmoja wa kifua kila anapovuta hewa kwa nguvu. Mara nyingi maana yake ni kwamba virusi vimefungua mlango na bakteria wameingia. Homa inayorudi namna hiyo haistahili kusubiri siku nyingine mbili.

Kinyume chake, ukiona kwamba pumzi zako ziko 16 au 18, huna homa kwa siku kadhaa, unakula, unatembea hadi sokoni na kurudi bila kutweta, na kinachokusumbua ni kikohozi chenyewe tu, uwezekano wa nimonia ni mdogo, japokuwa suala la kifua kikuu, ambalo nitalifikia, bado liko palepale.

Hali zisizongoja asubuhi

Mwite bodaboda, teksi, au jirani mwenye gari, hata ikiwa ni saa nane za usiku, endapo mtu mzima anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo au ulimi wake umegeuka kuwa wa kijivu au samawati, amechanganyikiwa au haamki vizuri, anakohoa damu nyingi, au ana maumivu makali ya kifua yasiyopoa. Kwa mtoto, ongeza haya: kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea, kuguna kila anapotoa pumzi, na pua kutanuka kila anapovuta. Mtoto wa chini ya miezi miwili anayehema haraka au aliyeacha kunyonya ni mgonjwa wa dharura bila mjadala. Mgonjwa asilazwe chali njiani kama anahema kwa shida. Aketi, ameegemea mtu.

Wapo ambao mpaka wao wa kusubiri ni mfupi kuliko wa wengine: wajawazito, wazee, watoto wenye selimundu, wenye kisukari, wenye ugonjwa wa moyo, na wanaoishi na VVU. Hawa waende mapema, hata kama namba za pumzi bado zinaridhisha. Kwa mtu mwenye VVU ambaye hajaanza dawa au ameziacha, iko nimonia inayoletwa na kuvu aitwaye Pneumocystis, ambayo haifuati kanuni niliyoieleza, maana huja taratibu kwa wiki kadhaa, kikohozi kikiwa kikavu, na dalili yake kubwa ni mtu kuishiwa pumzi kwenye kimlima ambacho mwezi uliopita alikipanda akiimba.

Kikohozi cha wiki mbili ni suala jingine

Nilipomweleza tabibu kwamba nimekohoa kwa wiki tatu na ninahofia nimonia, alinijibu, "Mwalimu, nimonia tunaiuliza kwa saa, kifua kikuu tunakiuliza kwa kalenda," akanipa kikopo cha makohozi. Uganda imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kinachoambatana na VVU, na utaratibu wa hapa ni kwamba yeyote aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi achunguzwe kifua kikuu. Kwa mwenye VVU hata hizo wiki mbili hazingojwi. Kikohozi cha siku yoyote kinatosha. Kutoka jasho jingi usiku, kupungua uzito na homa ndogo za jioni huongeza shaka, lakini kukosekana kwake hakuiondoi.

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa aibu au kwa hofu ya gharama. Katika vituo vya serikali kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo. Makohozi hupimwa kwa mashine ya GeneXpert, ambayo yenyewe huchukua kama saa mbili kutoa jibu, na tena huonyesha kama vijidudu vimekuwa sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, ingawa kama kituo chako hakina mashine, sampuli husafirishwa na jibu huchukua siku kadhaa. Ubora wa jibu hutegemea ubora wa kohozi. Sukutua kinywa kwa maji safi, toka nje penye upepo mbali na watu, vuta hewa kwa nguvu mara mbili au tatu, kisha kohoa kutoka chini kabisa ya kifua. Mate ya mdomoni hayana maana yoyote kwa mashine. Mimi nilisimama nyuma ya jengo la maabara, chini ya mti wa mfenesi, nikikohoa bure mpaka muuguzi akapiga kelele kutoka dirishani, "Mwalimu, hayo ni mate! Rudia!"

Jibu langu lilikuwa hasi. Kama lingekuwa chanya, matibabu ya kawaida ni ya miezi sita, na kifua kikuu kinapona.

Kuna sababu nyingine za kikohozi kirefu ambazo nitazitaja tu: pumu, ambayo hukohoza zaidi usiku, kiungulia, kifaduro, moyo uliochoka, ambao huambatana na miguu kuvimba na kushindwa kulala bila mito, na baadhi ya dawa za presha, kama enalapril, captopril na lisinopril, ambazo huleta kikohozi kikavu kisichokuwa ugonjwa. Ukiwa unameza mojawapo ya hizo, usiiache kwa uamuzi wako, ila itaje.

Ukifika kituoni

Nenda na daftari. Katika vituo vingi vya serikali mgonjwa huja na daftari lake la shule, na humo ndimo tabibu huandika. Ukitumia lilelile ulilokuwa ukiandikia pumzi zako, kila kitu kitakuwa mahali pamoja. Katika kituo cha daraja la II utakutana na muuguzi, katika cha daraja la III yupo tabibu na maabara ndogo, na katika cha daraja la IV yupo daktari. Eksirei kwa kawaida utaikuta hospitalini. Ada za wagonjwa katika vituo vya serikali ziliondolewa mwaka 2001, ingawa kila mwenye kuugua hapa anajua kwamba dawa ikikosekana stoo utaandikiwa ukainunue nje, kwa hiyo usiende mikono mitupu.

Usianze kwa kusema, "Nina nimonia." Anza kwa kusema ulianza lini, ni lini uliwahi kupata nafuu na ni lini ulizidiwa tena, pumzi zako ni ngapi, dawa gani umekwisha kumeza na kwa siku ngapi. Mtu akija na jina la ugonjwa mdomoni, mhudumu aliyechoka, mwenye foleni ndefu nyuma yako, anaweza kulipokea jina hilo na kukuandikia dawa yake. Vua shati kifua kisikilizwe mgongoni pia, kwa kuwa nimonia nyingi husikika upande wa chini mgongoni, na kitambaa kizito huficha mlio.

Kama kipo kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole ili kupima oksijeni, omba upimwe. Asilimia 94 na kuendelea huridhisha, chini ya hapo tabibu atahitaji kutafakari, na chini ya 90 mgonjwa anahitaji oksijeni. Futa rangi ya kucha kwanza, na upashe vidole joto kama ni vya baridi. Ni vyema pia kujua kwamba vifaa hivi wakati mwingine huonyesha namba iliyo juu kuliko hali halisi kwa watu wenye ngozi nyeusi, kwa hiyo namba nzuri isikunyamazishe kama pumzi zako ni 28 na unahema.

Kijibahasha cha karatasi

Kabla ya kwenda kituoni nilikwenda kwenye duka la dawa. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alinisikiliza kwa nusu dakika, akachukua kijibahasha cha karatasi, akatia humo vidonge vya rangi nne tofauti, akaandika "1×3" kwa kalamu na kunitoza shilingi elfu nane. Hakuna jina lililoandikwa. Nilipata nafuu kubwa kwa siku mbili, kisha kikohozi kikarudi kama kawaida. Tabibu alipovimwaga vilivyosalia kwenye kiganja chake alivitambua viwili: kimoja kilikuwa antibayotiki ya siku mbili, na kingine prednisoloni, ambayo hutuliza uvimbe kwa muda na kumfanya mgonjwa aone anapona, huku ikidhoofisha kinga iwapo kuna maambukizi yanayoendelea. Lawama si ya kijana yule peke yake, kwa maana mimi ndiye niliyeomba "kitu cha kukata kikohozi."

Kwa hiyo usinunue kidonge kisicho na jina. Usikubali antibayotiki ya siku moja au mbili, wala usimalizie zilizobaki za mtoto au za jirani. Jihadhari hasa na siprofloksasini na levofloksasini zinazotolewa kienyeji kwa ajili ya kifua, kwani dawa za kundi hilo zinaweza kukituliza kifua kikuu kwa muda bila kukiponya na hivyo kuchelewesha kugunduliwa kwake. Tabibu akithibitisha nimonia isiyo kali, kwa kawaida ataandika amoksilini kwa siku tano. Imeze kwa saa zilizopangwa mpaka iishe, na urudi kama baada ya siku mbili au tatu homa haijashuka, au urudi hata kabla ya hapo ukizidiwa.

Kama umeambiwa ni mkamba, nyumbani hakuna mengi ya kufanya: maji ya kutosha, parasetamoli kwa homa na maumivu bila kuzidisha vidonge nane vya miligramu 500 kwa siku kwa mtu mzima, chai ya tangawizi, na kijiko cha asali usiku, isipokuwa kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, ambaye asali ni hatari kwake. Mululuza, ile dawa ya kienyeji ya majani machungu, tumekunywa sote utotoni, nami sina ugomvi nao, alimradi usichukue nafasi ya safari ya kituoni. Jambo lililonisaidia kuliko yote hayo lilikuwa kuhamisha jiko la mkaa kutoka chumbani na kulitoa uani.

Wenye watoto wachanga wahakikishe chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hazirukwi. Chanjo ya kukinga bakteria aitwaye nyumokokasi, ambaye ni chanzo kikubwa cha nimonia, imo katika ratiba ya Uganda tangu mwaka 2013.

Ikiwa kweli ilikuwa nimonia

Mama alilazwa siku sita, akapewa oksijeni kwa siku mbili na dawa za kuchomwa kwenye mshipa, na siku ya tatu aliuliza nani amemwacha kuku wake nje, na safari hii kuku walikuwapo. Watu wa nyumbani walitarajia kwamba akirudi atakuwa amepona, na kila alipokohoa walitaka kumrudisha. Inafaa kujua mapema kwamba kupona kwenyewe kuna mwendo wake: baada ya wiki moja homa huwa imeondoka, kufikia wiki ya nne maumivu ya kifua na makohozi huwa yamepungua sana, kufikia wiki ya sita kikohozi na kuishiwa pumzi huwa vimepungua sana, kufikia miezi mitatu karibu kila kitu kimekwisha isipokuwa uchovu, na wapo ambao uchovu huo huwatoka kabisa baada ya miezi sita. Anayetembea kwa mwendo huo, hata polepole, hahitaji antibayotiki nyingine. Anayesimama mahali pamoja au kurudi nyuma ahesabiwe pumzi upya na apelekwe.

Kwa mvuta sigara, na kwa yeyote aliyevuka miaka 50, ni vyema kuomba eksirei nyingine baada ya takribani wiki sita, hata kama anajisikia mzima, kwa sababu uvimbe wa saratani ya mapafu unaweza kujificha nyuma ya nimonia na kuonekana pale tu kivuli cha nimonia kinapoondoka. Andika tarehe ya kurudi kwenye jalada la daftari kabla hujatoka hospitalini, kwa kalamu na si kwa penseli, na umwonyeshe pia mtu wa pili nyumbani.